Mkono Ulioganda Juu

Nyinyi mnaoniita "Mukono" kila nikipita, leo mtasikia kisa chote kutoka kwangu mwenyewe, maana kile kinachozunguka kwetu milimani Masisi kimeongezewa chumvi mpaka eti nilivua shati. Sikuvua shati. Nilitamani kulivua, nakubali, lakini aibu niliyopata ilitosha hata nikiwa nimevaa.

Mimi ni mtu wa maswali. Mtu akiniambia mvua inanyesha, kwanza natoa mkono nje (huo huo mkono wenye balaa). Kwa hiyo dada yangu Furaha aliponiandikia kwamba amepata mchumba, Héritier wa Bweremana, na kwamba walijuana kwenye simu, nilishtuka. Hata mbuzi unampapasa kabla ya kumnunua, sasa mume unampata kwa kubonyeza? Nikaomba picha. Ikaja: kijana anacheka, amevaa koti zito la kahawia. Nikaikuza mpaka nikaona kifungo kimoja kimeshonwa kwa uzi mwekundu. Bweremana iko kando ya ziwa, watu wanashinda na mashati mepesi, huyu anavaa koti la nini? Anaficha nini? Wiki nzima nikatuma swali hilo kwenye kundi la familia, asubuhi na jioni, mpaka mama akanijibu, "We mutoto, ni weye anaolewa ao ni Furaha?"

Siku ya mahari ikafika. Mimi nafundisha Walikale, barabara ilikuwa mbovu, na baba mdogo, Papa Musafiri, msemaji wetu, akanipigia: "Usijisumbue. Siku hizi kila kitu iko mu simu. Utatuona, tutakuona, basi, njo mwisho ya maneno." Nikakubali. (Mimi, nisiyeamini hata saa ya ukutani.)

Nikaenda kwenye kibanda cha mabati cha Mama Solange, anayeuza koneksio ya intaneti. Joto la Walikale halikuchomi, linakuvaa, na mimi juu yake nilikuwa nimevaa suti na tai kwa heshima ya wakwe, nikaiva mle ndani kama chikwangue, mkate wetu wa muhogo, kwenye majani yake. Kwenye simu nikaona ua wetu kule Masisi, watu wote wamejifunga sweta, na juu ya meza televisheni ya jirani, ili wakwe wanione vizuri.

Mara sauti ikakatika. Midomo inacheza, mimi sisikii kitu. Nikashuku papo hapo: wamenifunga sauti makusudi, wameogopa swali la koti! Nikaisogelea simu nisome midomo, na kwa kuwa kwapa lilikuwa linawaka, nikauinua mkono wa kulia juu kabisa ili hewa ipite.

Kumbe wakati huo huo Papa Musafiri alikuwa anauliza, "Mu familia yetu, iko mutu anakatala ndoa hii? Anyooshe mukono."

Nikaona vichwa vyote vinageuka. Furaha akajishika mdomo. Baba yake Héritier akasimama na kuchukua kofia yake. Nikatikisa mikono yote miwili, hapana, hapana, si hivyo (na bila sauti, huyo ni mtu anayekataa kwa mikono miwili). Kisha simu yangu ikawa nyeusi. Kule kwao, nilisimuliwa baadaye, picha iliganda: mkono juu, mdomo wazi, jasho linatiririka, nikaendelea kuikataa ndoa ya dada yangu bila kupumzika, mpaka mtu akachomoa waya.

"Prof, koneksio imekufa," Mama Solange akasema. "Unalia nini?"

"Silii, mama. Ni jasho."

"Jasho haina makamasi."

Nikampigia Furaha simu ya kawaida. "Dada, mimi sikukatala!"

"Ulinyoosha mukono."

"Nilisikia joto!"

"Huku tuko na sweta, nani ataamini ile? Wiki muzima unakatala, leo unasema joto?" Akakata, na kabla hajakata nilisikia analia.

Wakwe waliondoka bila kula. Jibu lao likafuata: ndoa haivunjiki wala haiendelei mpaka ule mkono ushuke, na ushuke mbele yao, si kwenye simu. Basi nikapanda pikipiki, nikala matope na vumbi mpaka Bweremana, wakanikalisha katikati ya ua, Furaha akiniangalia bila kucheka, na yule mzee wa kofia akasema, "Pandisha kwanza, tuuone."

Nikaupandisha.

"Unakatala?"

"Apana, papa."

"Shusha sasa."

Nikaushusha polepole, na wamama wakapiga vigelegele kama wameona kiwete anatembea. Furaha ndipo akacheka.

Halafu Héritier akaniletea lile koti la kahawia, limekunjwa vizuri. "Shemeki, kamata koti yako."

"Yangu?"

"Siku nilienda kusalimia kwenu Masisi, baridi iliniua. Mama yenu akanivalisha hii, anasema ni ya kijana yake wa Walikale, kule joto iko mingi, hana kazi nayo tena. Njo siku ile tukapiga ile picha."

Nikakiangalia kifungo. Uzi ule mwekundu niliutia mwenyewe, nikiwa chuo kikuu.

Sasa shughuli za familia nazifuata kwa miguu yangu, na mikono naiweka mfukoni. Maswali sijaacha. Ila siku hizi naanza na nguo zangu mwenyewe.