Nilifungia Dawa kwa Daftari la Rafiki Yangu

Kosa ni langu. Sikutumwa na mtu, sikulewa, na vita navyo haviwezi kubeba mzigo huu kwa niaba yangu, ingawa nimejaribu mara nyingi kuvibebesha. Nakuambia wewe unayesoma kwa sababu hunijui na huwezi kuja kunitazama usoni.

Wakati ule waasi ndio waliokuwa wanatawala kwetu Butembo. Mimi na Kavira tulikuwa tunauza dawa katika farmasi moja ya Bulengera, wasichana wawili waliojifunza kazi kwa kuangalia tu. Siku moja ofisi ya afya ikatangaza kwamba kila muuza dawa lazima afanye mtihani Beni na apate karatasi ya ruhusa. Patron wetu, mwenye farmasi, akatuita, akasema atakayemshinda mwenzake kwa pointi ndiye atakayeachiwa farmasi mpya anayoifungua Vulamba. Alisema huku akicheka, kama mtu anayeshindanisha watoto mbio.

Vitabu havikuwepo. Kulikuwa na kitabu kimoja kinene cha dawa, cha muuguzi mzee wa Kanyabayonga, ambaye hakukubali kitoke nyumbani kwake. Kavira alikuwa amekaa kwake miezi mitatu akikinakili kwa mkono: jina la dawa, kazi yake, dozi ya mkubwa, dozi ya mtoto kwa kilo, hatari zake. Daftari lilijaa kurasa mia mbili za maandishi madogo yaliyonyooka. Alinifundisha kwalo kila mchana wateja wakipungua. Mimi nilikuwa mzito wa hesabu za kilo, naye hakuchoka kurudia.

Kisha dada yake akajifungua kule Beni, ikabidi aende kumsaidia. Daftari aliogopa kulibeba. Kwenye vizuizi vya barabarani, askari wakikukuta na karatasi yenye Kifaransa na namba nyingi, walikuita mpelelezi.

"Nakuachia kaye yangu," akaniambia akinikabidhi daftari. "Weye soma, lakini hapana ipoteza. Ni macho yangu hiyo."

Nikaapa.

Nilianza vizuri. Nilitafuta daftari langu, nikawa nanakili sura moja kila siku. Halafu barabara ikafungwa, na vifuko vya kufungia vidonge vikaisha. Sisi tulikuwa tunahesabu vidonge kutoka kwenye kopo kubwa, na vifuko visipokuwepo tunamkunjia mgonjwa kwenye karatasi. Siku hiyo watu wa malaria walikuwa wamejipanga hadi nje. Nikachana ukurasa mmoja wa daftari la Kavira, ule niliokwisha kuunakili. Nikasema moyoni kwamba nitamwandikia upya.

Kesho yake nikachana mwingine. Hapo karatasi zilikuwepo, magazeti ya zamani ya patron, niliyaona kwa macho yangu. Nikayaacha palepale yalipo.

Nisikufiche, nilikuwa nimeshapiga hesabu. Kavira bila daftari, mimi na daftari, Vulamba ni yangu. Nikawa nanakili asubuhi, nachana mchana. Sikulichoma. Kuchoma kunataka hasira, na mimi sikuwa na hasira naye hata kidogo. Nilifungia watu dawa tu, kinini ya huyu, aspirini ya yule, wakaenda nalo vipande vipande hadi mashambani kwao.

Mama mmoja alirudi na ukurasa wake. Alidhani maandishi yale ni maagizo ya dawa aliyopewa, akaniomba nimsomee. Nikamwambia hapana, ni karatasi tu. Nikaupokea, nikaukunja upya, nikamfungia mteja aliyefuata.

Kavira alirudi zikiwa zimebaki wiki mbili tufanye mtihani. Alikuwa amekonda, na ameniletea chupa ya mawese ya Beni. Nikamwambia askari waliingia farmasini wakabeba karatasi zote. Uongo ulitoka mzima, haukunikwama popote. Akakaa kwenye sanduku. Kisha akauliza kama waliniumiza, nikasema hapana.

"Basi haina neno," akasema. "Buku iko bado kwa ule muganga muzee, Kanyabayonga. Nitaenda kukopia ata madose ya batoto. Ile njo banapenda kuuliza."

Nakala yangu ilikuwa chini ya godoro. Nyumba yangu haikuwa mbali, hata fungu moja la rozari usingelimaliza njiani. Ningesema neno moja tu! Kila mtu alijua kwamba Kanyabayonga ndiko waasi wa upande huu na wale wa upande ule walikuwa wanatazamana kwa bunduki. Sikusema. Nilimsindikiza hadi kwenye lori, nikamshikia mfuko akipanda.

Lori halikufika. Wengine walisema lilishambuliwa, wengine walisema abiria walipelekwa porini kubeba risasi. Hakuna aliyerudi kutuambia ukweli.

Siku ya mtihani nikaenda Beni. Waliita jina la Kavira mara mbili, kisha msimamizi akalipiga mstari. Swali la kwanza lilikuwa dozi ya kinini ya mtoto wa kilo kumi na mbili. Nikaandika kama alivyonifundisha. Nilifaulu vizuri, nikapewa Vulamba.

Unadhani nilifurahi? Unadhani nililia? Sikufanya lolote. Nilikuwa nafungua mlango asubuhi, nafunga jioni, nakula nikipewa chakula. Watu husema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi ndiye niliyekuwa nguoni mwa Kavira.

Mwaka ulipopita, mama yake alikuja farmasini. Ni mkulima, hajui kusoma. Alikaa kwenye benchi ya wagonjwa, akanipa pole, eti nami nimempoteza dada. Halafu akaeleza kilichomleta.

"Mutoto yangu, kule nyumbani hakubakiaka kitu yake ata moja. Ata foto hatuna. Banasema alikuwa anaandika sana. Hauna kakaratasi kamoja kenye aliandika na mukono yake?"

Kurasa mia mbili, na sikubakiwa na hata moja!

Sasa nisikilize vizuri. Lile la kwanza lilikuwa tamaa, lakini hili la pili mimi sijui jina lake. Niliingia chumba cha nyuma, nikachana ukurasa wa daftari langu, mwandiko wangu mimi, nikampa. Nikamwambia huu hapa, Mama. Akaubusu.

"Wasingya," akasema. Ndiyo asante ya kwetu.

Hadi leo ukurasa ule uko ndani ya mfuko wake wa rozari. Namwona kanisani kila Jumapili, akiutoa na kuwaonyesha wajukuu mwandiko wa Kavira. Kwa padri niliungama kwamba niliharibu daftari la mtu. Akanipa sala, nikazisali zote, lakini yaliyobaki sikumwambia. Komunyo siendi kupokea, na watu wanadhani ni mambo ya ndoa.

Juzi mama huyo alishikwa na kifua. Nilimpelekea dawa nyumbani. Akaniomba jambo moja, kwamba akifa nisimamie mimi mwenyewe awekewe karatasi ile mkononi kabla ya sanduku kufungwa. Nikamwitikia.

Wewe unayejiandaa kwa mtihani, na mwenzako amekuamini daftari lake, usichane hata ukurasa mmoja ukisema utaandika upya. Na kama umekwisha kuchana, kimbia ukamwambie leo, angali amesimama chini, hajapanda gari. Atakutukana, labda atakupiga. Kubali, maana hayo yataisha. Usingoje kufika nilipofika mimi, nangoja kumzika mama wa watu na mwandiko wangu mkononi mwake.