Madaktari Watatu wa Gichuru

"Nyinyi wenzangu mnaugua presha, mimi nimeiajiria watu," Gichuru aliiambia harambee nzima ya kanisa, mkono mmoja mfukoni. "Nina madaktari watatu, na hakuna anayemjua mwenzake."

Watu wakacheka, wakapiga makofi, naye akayachukua yale makofi kama kura. Alikuwa na duka la unga na mafuta taa pale mtaa wa West Indies, na mwaka huo wa themanini na nane aliutaka uenyekiti wa chama katika tawi lao kuliko alivyowahi kumtaka mwanamke yeyote, mkewe Mwihaki akiwemo.

Daktari wa kwanza alikuwa na kliniki mjini. Wa pili alimpima Jumamosi kwenye veranda yake ya Elgon View. Wa tatu, wa Cheptiret, hakuwa daktari kamili, lakini koti jeupe alikuwa nalo. Mbele ya kila mmoja Gichuru alijifanya hajawahi kumeza kidonge maishani. Kumwambia daktari una mwingine aliona ni sawa na kumwambia mke. Vibahasha vya kaki vyenye maandishi alivitupa, vidonge akavimimina vyote kwenye mkebe mmoja wa mafuta ya Kimbo, na kila asubuhi akachota kama njugu.

"Baba Nyakio, si ubebe huo mkebe umwonyeshe hata mmoja wao?" Mwihaki alimwomba. Akajibiwa kwamba aliyeshindwa na darasa la nne hafundishi watu dawa.

Siku ya mlolongo ikafika. Mgombea alisimama mbele, waliomtaka wakapanga foleni nyuma yake, msimamizi aje ahesabu vichwa. Gichuru alihofia presha isije ikampanda mbele ya watu, basi alfajiri akachota mara mbili. Na kwa kuwa kimoja kati ya vidonge hivyo kilimkimbiza choo kila nusu saa, hakuwa amegusa chai wala maji tangu jana yake. Mgombea wa kukimbilia choo angechekwa mpaka Nakuru.

Saa nne foleni yake ilizunguka uwanja. Ya Githinji, muuza ngozi, ilikuwa na shemeji zake na mlevi mmoja. Saa sita msimamizi hajafika, na Gichuru alikuwa anayumba.

"Chairman, si ukae chini kidogo," Githinji akamwambia, mpole kama padri.

"Sikai mpaka nihesabiwe."

Akaanguka kama gunia la unga, nyonga ikakutana na jiwe. Msimamizi alipofika akasema hahesabu foleni ya mtu aliyelala. Foleni ikahamia kwa Githinji, wengine wakimruka yeye ili wafike upesi.

Hospitalini, muuguzi Rael alimpima presha, akaikuta chini kabisa. Kisha akamwaga mkebe aliouleta Mwihaki kwenye trei.

"Mzee, hivi viwili ni dawa moja, viwanda tofauti. Vinapunguza mapigo ya moyo, na wewe umevimeza maradufu. Hiki kingine kinakukausha maji. Nani alikuambia uvichanganye?"

"Hakuna daktari aliyenikataza."

"Uliwaambia?"

Gichuru akageukia ukuta, akauliza nani ameshinda. Mwihaki akamwambia. Alimwambia polepole, na kura zote, mpaka ya mlevi.

Nyonga haikuunga sawa. Mwihaki alienda sokoni akamnunulia mkongojo. Ulikuwa shilingi thelathini na tano, chini ya ada ya daktari yeyote kati ya wale watatu.