Sidiria ya Dada Zainabu

Harufu ya mashudu ya alizeti, ile nzito itokayo kwenye mashine za kukamua mafuta, mpaka leo hunitia baridi. Msimu ule wa mavuno pale Misigiri, shangazi alirudi gulioni na kifurushi, akamwita dada yangu Zainabu ndani, kisha akatoka akiwatangazia majirani: "Mtoto kashaanza kuvaa sidiria!" Vigelegele vikapigwa. "Dalili ya mvua ni mawingu," akasema mmoja wao, na kweli bwana, alizeti haijaisha kupepetwa, wageni wa posa wakaja kukaa na baba. Dada alikuwa darasa la saba. Hakurudi shule tena.

Mimi niliyemfuata niliogopa, nisiseme uongo. Sikujua neno lile lina maana gani. Nilijua tu kwamba aliyevaa aliolewa. Kifua changu kilipoanza kuuma na kuvimba, yalaa! nilichana khanga kuukuu nikajifunga kwa nguvu, nikawa nahema kama mbuzi aliyekimbizwa. Kila shangazi alipopiga hodi na mfuko mkononi, nilikimbilia nyuma ya nyumba hata kabla ya shikamoo. Usiku nilimwomba Mungu anirudishe kuwa mtoto mdogo.

Siku moja nikaanguka kinuni, mchi mkononi. Mama alinifungua, akaona michubuko, akashika mdomo.

"Nani kakufunga hivi, mwanangu?"

"Mimi mwenyewe, mama. Sitaki kuolewa."

Mama alikaa chini akalia. Shangazi alipokuja na kifurushi changu, mama alikipokea mbele ya baba. "Ahsante, wifi. Ataivaa, na shule ataenda." Baba akakohoa tu. Niliivaa, na kwa miezi mingi kila hodi ilinirusha roho.

Siku hizi binti yangu hudai sidiria mpya hata baba yake akiwa anakula, na hakuna anayegeuka. Juzi aliniuliza neno hilo limetoka wapi. Nikamweleza nilivyofundishwa chuoni: asili yake ni Kiarabu, sadri, yaani kifua. Nguo ya kifuani, basi.

Dada Zainabu, aliyekuja kututembelea, alikuwa anachambua choroko kando yetu, mjukuu wake mgongoni. Mkono wake ukasimama.

"Maana yake ni hiyo tu?"

"Hiyo tu, dada."

"Kwa hiyo mimi nilitolewa shule kwa sababu nina kifua?"