Mume wangu ana maneno mazuri kwa stagiaire, kwangu hana

Admin, jina langu lisionekane kabisa, maana mume wangu ni mwalimu na wanafunzi wake wengi wamo humu kwenye page yako. Mimi ni mama wa miaka 35, naishi hapa Bunia, kwetu ni Butembo. Nauza maharage na unga wa muhogo sokoni. Tuna watoto watatu na ndoa ya kanisani ya miaka kumi na miwili. Mume wangu hanipigi, halewi, hana tabia ya kulala nje. Nayasema haya mapema ili msije mkadhani namsingizia. Ila nina wivu jamani, na wivu wenyewe unanitia aibu.

Mume wangu anafundisha Kiingereza kwenye shule ya sekondari. Mwaka huu wamemletea stagiaire, msichana anayesomea ualimu, aje ajifunze kazi darasani mwake. Nimwite Furaha, si jina lake. Wazazi wake wako Fataki, hapa mjini anakaa kwa shangazi yake. Furaha akifundisha somo la kusoma, mume wangu anakaa nyuma ya darasa anamwangalia, halafu wanafanya critique, yaani anamwambia alipofanya vizuri na alipokosea. Kwa kuwa mchana vyumba vya shule vinachukuliwa na wanafunzi wengine, critique hiyo inafanyiwa kwangu, sebuleni, na chai napika mimi.

Siku ya kwanza nilisimama nyuma ya pazia nikatega sikio. Nilikuwa natafuta uchafu. Ningesikia uchafu ningejua la kufanya, kelele zangu zingefika mpaka Iga Barrière. Nilisikia mambo ya shule tu, na hayo ndiyo yaliyoniuma.

Critique ina utaratibu wake. Kwanza stagiaire anajikosoa mwenyewe. Furaha akasema alisoma mbio mno, na ubaoni aliandika ovyo. Mume wangu akamwambia asijihukumu hivyo, ubao ulikuwa unasomeka. Mimi nikisema leo nimechelewa kupika, ananijibu kwamba hata jana nilichelewa. Baada ya kujikosoa yanafuata mazuri, kisha ndiyo mabaya. Ni lazima mazuri yatangulie, eti mtu asivunjike moyo.

"Tuanze na ya muzuri," alimwambia, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu uchumba wetu. "Sauti yako inafika mpaka nyuma. Uliita kila mutoto na jina yake. Kisha, pale mutoto alikwama mu kusoma, weye ulimusomea ile neno mbio. Usifanye vile. Neno iko mu kinywa yake. Umungojee."

Eti amngojee! Mimi sijawahi kumaliza habari mbele ya mwanaume huyu. Nikianza kumweleza ya sokoni anaimalizia yeye, tena anaimalizia vibaya, kisha anauliza mboga ya sombe iko wapi. Chumvi ikizidi atasema. Mtoto akiwa na kamasi atasema. Siku ambayo chumvi imetosha na watoto wote wamenawa, anakula kimya na kutoka. Nilisimama pale pazia mkononi, machozi yananitoka, namwonea wivu mtoto wa watu kwa sababu ameambiwa sauti yake inafika nyuma.

Basi nikaanza ujinga. Kikombe cha Furaha nikawa sikitii sukari. Akinywa, nachungulia nione kama atakunja uso. Siku moja akanirudishia kikombe mwenyewe, amekishika kwa mikono miwili, akasema, "Aksanti maman, chai yako iko muzuri sana." Chai haina hata chembe ya sukari! Nilikasirika siku nzima, maana hata neno zuri nililokuwa nalitaka nimelipata kwa yule yule ninayemchukia.

Sasa mambo yamefika pabaya. Stage ya Furaha, yaani hayo mafunzo yake ya kazi, imekwisha, na shule inataka abaki mpaka mwisho wa mwaka ashike nafasi ya mwalimu aliyejifungua. Lakini shangazi yake anahamia Marabo, mbali na shule, na kurudi kwao Fataki kila siku haiwezekani. Mume wangu anaomba Furaha alale hapa kwetu, chumba kimoja na binti zetu. Anataka jibu langu ifikapo Jumapili. Nikikataa, msichana anapoteza kazi yake ya kwanza kwa sababu yangu. Nikikubali, nitayasikia yale maneno asubuhi na jioni.

Nikamwambia nitajibu, ila kwanza anifanyie critique kama anavyomfanyia yeye. Akacheka. "Weye ni bibi yangu, hauko stagiaire." Sikucheka. Nikakaa kwenye kile kiti cha Furaha nikajikosoa mwenyewe, kama wanavyofanya. Nikasema nina hasira za haraka. Nikasema nimekuwa nikisikiliza nyuma ya pazia, na nikasema habari ya sukari. Hapo uso wake ukabadilika, kicheko kikaisha.

Akafungua mdomo. "Ile maharage ya jana..."

Nikamkatiza. "Hapana, anza na ya muzuri."

Akaangalia dari, akaangalia mikono yake. Nusura nimsaidie, nimtajie watoto, nimtajie biashara yangu iliyowalisha wakati mshahara wake umechelewa. Nikajizuia. Nikakumbuka mafundisho yake mwenyewe, kwamba mtu akikwama usimtolee neno, liko mdomoni mwake, umngojee. Nikamngojea mpaka chai ikapoa. Akainuka, akachukua kofia yake, akasema anakwenda shuleni mara moja. Saa hizo za jioni shule ilikuwa imefungwa.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Leo ni Ijumaa, na bado namngojea. Tunakula, tunasali, tunalala, neno halijatoka. Keshokutwa anataka jibu langu, na Furaha anasubiri kujua atalala wapi. Ndugu zangu, hasa mama wenzangu mlio kwenye ndoa za muda mrefu, niambieni: nimfungulie msichana mlango wakati mimi mwenyewe bado nangoja, au jibu langu nalo likae mdomoni mpaka lake litoke? Nifanye nini?