Kidole cha Sita cha Akiru

Akidor ana hasira za karibu, hakuna anayebisha, lakini mwaka ule wa 2012 wakwe zake walimpa sababu. Alipojifungua Akiru pale Kanamkemer, mtoto alikuja na kidole cha sita, kando ya kile cha mwisho cha mkono wa kushoto. Mama mkwe hakungoja hata kitovu kikauke.

"Ni samaki," akatangaza.

Watu wake ni wafugaji. Kwao samaki ni chakula cha fukara aliyepoteza mifugo. Akidor alizaliwa Kalokol, kando ya ziwa, anauza samaki, na mimba yake aliilea kwa samaki. Basi hukumu ikapita, na majirani wakaisambaza mpaka bombani.

Hospitalini Lodwar, daktari aliwaambia wote, na Lopeyok, mume wa Akidor, akiwepo: kidole hiki kina mfupa, msikifunge uzi. Mwakani atakuja daktari wa upasuaji Kakuma, atakitoa vizuri.

Sikio la kufa halisikii dawa. Siku moja Akidor alirudi kutoka Kalokol na gunia lake la samaki wakavu, akamkuta Akiru amelia mpaka sauti imemkauka. Kidole kilikuwa kimevimba na kuwa cheusi, kimekazwa kwa uzi wa nyavu. Akaukata kwa kisu cha samaki.

"Mama, unataka kuua mtoto?"

"Nilifunga tu kama ile kidole ya Lopeyok akiwa mtoto," bibi akajitetea. "Yake ilianguka yenyewe, haikusumbua."

Akidor akamgeukia mumewe. Lile kovu dogo mkononi mwake, aliloambiwa ni la mwiba wa malishoni! Lopeyok akainamisha kichwa. Kumbe walijua. Mama na mwana walijua, wakala jasho lake huku wakimwacha asemwe.

Kwa bahati damu ilirudi kidoleni. Mwaka 2013 wakaenda Kakuma. Daktari mgeni alieleza kwamba jambo hili hutembea katika ukoo: kidole cha baba kilining'inia kwa ngozi tu, cha mtoto kina mfupa, na uzi ungeuozesha mkono. Angempasua kesho yake.

"Si kosa la mtu yeyote," akamaliza.

Mama mkwe akashusha pumzi. "Umesikia, Akidor? Si kosa ya mtu."

"Nimesikia," Akidor akasema, na foleni nzima ikageuka. "Sasa mbona mwaka mzima ilikuwa yangu?"