Mama Mkwe Nje ya Dirisha

Sheria ya nyumba yetu ya Matisi ilikuwa moja: Kiingereza tu. Niliitunga mimi mwenyewe mtoto wetu alipoanza kutamka maneno, nikaitangaza wakati wa chakula cha jioni, na mke wangu akaendelea kupakua sukuma wiki. Nilikuwa mwalimu wa Kiingereza katika shule moja ya binafsi hapo Kitale, na niliamini kwamba mwalimu wa Kiingereza ambaye mtoto wake anaongea Kibukusu ni kama kinyozi mwenye nywele timtim. Binti yetu alifika miaka mitano akijua kukataa uji na kutuaga usiku kwa Kiingereza safi. Zaidi ya hapo alijua neno "wewe!" tu, ambalo alilipata kwa majirani kupitia ua. Nilijivunia sana. Nalisema hili mapema ili msomaji ajue anashughulika na mtu wa aina gani.

Serikali ilipofanya elimu ya msingi kuwa ya bure, wazazi wengi waliwahamishia watoto wao shule za umma, nami nikabaki na vipindi vichache na Jumamosi tupu. Kanisa moja la Naitiri lilikuwa likitafuta mtu wa kuwafundisha watu wazima Kiingereza cha kuanzia. Naitiri ni ukweni kwangu. Hilo nililijua. Sikujua tu ni nani alikuwa amejiandikisha.

Jumamosi ya kwanza niliingia na chaki zangu, nikasema "Good morning, class", na watu kumi na wawili wakasimama. Wa mbele kabisa, mwenye daftari jipya na kalamu mbili, alikuwa mama mkwe wangu.

Kwetu Wabukusu, mume wa binti na mama mkwe hawashikani mikono wala hawaketi chumba kimoja. Wakikutana njiani mmoja huacha njia, hata kama kando ya njia ni shimo. Mama alijitanda leso kichwani, akatoka kwa mlango wa pembeni. Mimi niligeukia ubao. Ubao haukuwa na kitu. Niliusoma kwa makini.

Aliyetuokoa ni muuza mboga mmoja ambaye wenzake walimchagua kuwa kiongozi wa darasa. "Mwarimu, hii si shida, bana," akasema. "Mama atakaa hapo nje ya dirisha. Yeye hatakuona, wewe hutamuona, na Kiingereza itapita."

Kiingereza kikapita. Mbinu yangu ilikuwa kutenda jambo huku nikilisema. Nilifungua mlango nikisema "I am opening the door", kisha nikaeleza kwamba kwa jambo la kila siku tunasema "I open the door". Wanafunzi walifungua mlango huo hadi bawaba zikalegea. Kutoka nje ya dirisha ilikuja sauti iliyowatangulia wote. Sikuruhusiwa kumuuliza swali moja kwa moja, kwa hiyo nilimwambia muuza mboga, naye akatoa kichwa nje: "Mwarimu anauliza unafanya nini."

"I am sitting outside," sauti ikajibu.

Ilikuwa sahihi, na ilikuwa kweli. Daftari lake lilipitishiwa dirishani, nikalisahihisha kwa penseli, maana sikuona adabu kumwekea mama mkwe wino mwekundu. Hakukuwa na mengi ya kusahihisha. Aliandika siku yake: anaamka, anakama ng'ombe, anachota maji, anafagia kiwanja. Mwanafunzi wangu bora alikuwa mtu ambaye sikupaswa kumtazama.

Wengine walikuja na haja zao. Askari mmoja mstaafu alitaka sentensi za kumjibu karani wa ofisi. Muuza mboga alitaka za kuwasifia wateja sukuma zake. Haja za mama mkwe zilikuwa za namna yake. "Mama anauliza, 'uko na njaa?' inasemwa aje?" Nikaandika "Are you hungry?" Wiki iliyofuata akataka "unasikia baridi?", kisha "mbona unalia?" Siku moja akataka "unanijua?" Niliandika "Do you know me?" na nikashika fursa kueleza, kwa nusu saa nzima, kwa nini hatusemi "Are you knowing me?" Kilikuwa mojawapo ya vipindi vyangu vizuri kabisa.

Nyumbani nilimwambia mke wangu kwamba mama yake anajiandaa kuzungumza na Wazungu wanaotembelea kanisa. Alikuwa anakunja nguo.

"Wazungu wakikuja huwa wanalia?" akauliza.

Akaendelea kukunja, na huku akinieleza jambo ambalo alikuwa amelinyamazia tangu Krismasi, alipompeleka mtoto Naitiri bila mimi. Siku moja alikwenda sokoni akamwacha mtoto na nyanya yake. Mtoto akaomba kitu. Nyanya hakuelewa. Akampa uji, akampa maziwa, akampa ndizi, akambeba mgongoni akazunguka naye shambani, na mtoto analia tu, anarudia maneno yale yale. Mke wangu aliporudi aliwakuta wote wawili wanalia.

"Alikuwa anataka nini?"

"Maji," akasema. "Mama amejiandikisha ili aweze kuongea na mtoto wako."

"Mtoto wetu," nikamsahihisha.

"Wako," akasema, na akabeba nguo akaingia chumbani.

Jumamosi iliyofuata nilimchukua mtoto nikaenda naye. Nilimwambia kwa Kiingereza kwamba nyanya yake yuko nje ya dirisha na anataka kumsalimu, kisha nikamtoa kwa mlango. Nikageukia ubao.

"Are you hungry?" sauti ikaanza.

"No, thank you."

"Are you feeling cold?"

"No."

"Why are you crying?"

"I'm not crying."

Alikuwa anafuata daftari. Alimaliza maswali yake yote kwa mpangilio tuliojifunza, na mtoto akayajibu yote kwa adabu, kama mtu aliye mbele ya karani. Kisha nikasikia kurasa zinafunuliwa, moja, mbili, tatu. Hazikuwa na kitu tena. Mama akaliweka daftari chini, akaanza kusema kwa Kibukusu, taratibu, kwa muda mrefu. Alikuwa anamwambia kwamba jina alilopewa siku alipozaliwa, lile tusilolitumia, ni la mama yake yeye nyanya. Kwamba mama huyo alikuwa mfupi na mkali na hodari wa kuimba. Kwamba akimwita mtoto kwa jina hilo naye mtoto asiitike, yeye nyanya anahisi amemzika mama yake mara ya pili.

"Daddy!" mtoto akaita. "What is she saying?"

Desturi inataka maneno kati yangu na mama mkwe yapitie kwa mtu wa tatu. Siku hiyo mtu wa tatu alikuwa mtoto huyo niliyemnyima lugha ya kupokelea. Nilimtafsiria yote nikiwa nimeutazama ubao. Niliona aibu. Kumi na mmoja wale walitazama madaftari yao, jambo ambalo nawashukuru mpaka leo.

Baada ya kipindi muuza mboga alinijia. "Mama anasema asante kwa masomo, lakini yeye ameachia hapo. Ati kiti chake kibaki, na mtoto uwe unamleta. Yeye ndiye atafundisha sasa."

"Atamfundisha nini?"

"Mwarimu, usinichekeshe."

Tangu siku hiyo kukawa na madarasa mawili, na ukuta katikati. Ndani nilikuwa mimi na wanafunzi wangu. Nje alikuwapo mwanafunzi mmoja, anatumwa kuokota kuni, kufukuza kuku, kuinua jiwe, na kila anachofanya kinatajwa wakati anakifanya. Mbinu niliitambua. Wiki za kwanza nilisikia neno moja moja, limevunjika. Baadaye yakaja mawili, kisha kicheko, kisha nikaacha kuhesabu.

Jumamosi moja kabla shule hazijafungwa nilikuwa katikati ya sentensi ubaoni niliposikia mama anamuuliza mtoto kwa Kibukusu baba yake yuko wapi.

"Yuko ndani, Kukhu," binti yangu akamjibu nyanya yake kwa Kibukusu, bila kusita. "Anaogopa kutoka."

Nyanya alicheka hadi akakohoa. Darasa langu nalo likacheka, askari mstaafu akipiga meza, maana wote walielewa. Nami nilielewa. Nilisimama pale na chaki mkononi, na sikumsahihisha.