Jina Alilolitaja Kila Jioni

Harufu ya saruji mbichi inayomwagiwa maji juani ndiyo harufu ya mama yangu mzazi. Najua wengine mama zao wananukia asumini au mafuta ya nazi, kwa hiyo msinicheke. Mama yangu, Stela, alikuwa mama ntilie. Aliwapikia mafundi kwenye viwanja vya Bunju wakati kule bado ni vichaka na mikorosho, akihama na masufuria yake kutoka jengo moja hadi jingine kadiri kuta zilivyoinuka. Nilikulia mgongoni mwake, kisha pembeni ya mafiga yake, na kanga zake zote zilinukia moshi na saruji. Hadi leo nikipita penye nyumba inayojengwa nikakuta ukuta mpya unamwagiliwa, miguu inasimama yenyewe.

Baba yangu alikuwa msimamizi wa mafundi hao. Alikuwa na mke kule Boko, mwalimu wa shule ya msingi, na mabinti wawili, na nyumba aliyokuwa akiijenga kidogo kidogo. Sisi wa Bunju tulikuwa kile watu wanachokiita nyumba ndogo. Mie neno hilo sikulijua. Nilichojua ni kwamba jioni nyingine baba alikuja na nyingine hakuja, na kwamba alikula akiwa amekaa ukingoni mwa kiti, kama mtu anayesubiri kuitwa.

Sikuwa hata nimeanza darasa la kwanza mama alipokwenda hospitali kujifungua. Alinivalisha gauni langu la njano, akanikabidhi kwa jirani, akaniambia nisimsumbue mtu, atarudi na mdogo wangu. Hakurudi, na mdogo wangu hakuja. Watu walijaa uani, wakafunga turubai, wakaleta viti vya plastiki. Nilipouliza, waliniambia mama amelala. Niliona ni haki yake, maana alikuwa anaamka alfajiri sana.

Siku ya pili ya msiba akaja mwanamke mrefu aliyevaa viatu vya kazini, kitenge amekifunga juu ya sketi. Wanawake waliokuwa kwenye mikeka wakanyamaza mmoja baada ya mwingine. Nilisikia mmoja akimnong'oneza mwenzake kwamba mke mwenyewe huyo, na wengine wakaanza kuvuta watoto wao karibu, wakijiandaa kwa ugomvi. Yule mwanamke akavua viatu, akavipanga vizuri pembeni, akakaa mkekani katikati yao. Akalia kidogo, kama inavyopasa. Kisha akauliza mtoto yuko wapi.

Nilikuwa nyuma ya mapipa ya maji. Nikamwamkia shikamoo, kwa sababu mama alinifundisha hivyo. Akaitikia marahaba, akanitazama kwa muda mrefu. Mnafahamu kwamba uso wangu ni wa baba mtupu. Hata leo watu hunitambua kwa pua. Sijui aliona nini siku ile. Alinyoosha mkono, akanifuta makamasi kwa ncha ya kitenge chake.

Ndugu wa mama walikuwa wachache, wametoka Masasi kwa basi, na walikuwa wakishauriana nani anichukue. Hakuna aliyekuwa na nafasi. Baba alikuwa amekaa upande wa wanaume, ameinamisha kichwa. Ndipo yule mwanamke aliposimama akawaambia wazee, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huyu ana dada zake Boko. Nitaondoka naye."

Hivyo ndivyo nilivyofika kwenye nyumba ile isiyo na dari. Mbele yake palikuwa na lundo la mchanga wa kujengea, na lundo hilo likawa makao yangu. Kila mchana nilipanda juu yake nikatazama njia inayotoka barabara ya Bagamoyo, nikimsubiri mama. Dada zangu, Rehema na Neema, waliniita kula, nikakataa. Waliambiwa na majirani waniambie mama amesafiri, nao wakaniambia hivyo, nami nikazidi kungoja, kwa kuwa aliyesafiri hurudi.

Siku moja Mama Rehema alitoka shuleni, akaniona. Hakuingia ndani. Aliweka kikapu chini, akapanda lundo la mchanga na sketi yake ya kazini, akakaa ubavuni mwangu. Akaniuliza kama namsubiri mama. Nikasema ndiyo.

"Mama yako amekufa, Zawadi," akaniambia. "Maana yake hatakuja. Si kwamba hataki. Hawezi."

Nilimwambia aliahidi. Akasema anajua, na kwamba kama ingewezekana kumfuata angemfuata yeye mwenyewe amlete. Kisha akaongeza, "Lakini ukitaka kukaa hapa, nitakaa na wewe."

Tukakaa mpaka jua likapungua. Kesho yake tena, na siku zilizofuata. Alikuja na chaki bado imo kwenye vidole, amechoka, anakaa tu. Mara nyingine alisinzia. Mpaka ikatokea siku nilikuwa nacheza rede na dada zangu upande wa pili wa nyumba, nikasahau kabisa kwenda. Nilipokumbuka na kukimbilia mbele, nilimkuta amekaa juu ya mchanga peke yake, ananisubiri. Tangu siku hiyo nikaanza kumwita Mama.

Nyumbani kwetu kulikuwa na sala kila jioni kabla ya chakula, na Mama alisali kama anavyoita majina darasani. Alianza na Baba, akaja kwa Rehema, Neema, mimi, kisha jirani mwenye mguu mbovu, wanafunzi wake watoro, hata mbuzi wa mjumbe aliyekuwa akila mchicha wetu. Njaa ilituuma, na Neema alijifunza kusema amina mapema akidhani itasaidia. Lakini kabla ya mwisho, kila jioni, bila kuruka, Mama alisema, "Na tunakushukuru kwa ajili ya Stela, mama yake Zawadi, na kwa mema yote aliyomtendea mwanawe." Mzee mmoja wa kanisa aliyewahi kula kwetu alimkumbusha kwamba sisi hatuwaombei marehemu. Mama akamjibu kwa heshima kwamba hamwombei, anashukuru, na akampakulia mchuzi.

Mie niliamini kwamba Mama na mama yangu walikuwa marafiki walioshibana. Ningeamini nini kingine? Nilijiwekea picha zao kichwani, wamekaa pamoja wanachambua mchele, wanacheka. Shule ya Jumapili mwalimu alipotutaka tumshukuru Mungu kwa ajili ya mama zetu, nilisimama nikamshukuru kwa wangu wote wawili, na jinsi walivyopendana. Yule mwalimu alikohoa, akaanzisha wimbo haraka.

Majirani hawakuwa na imani yangu. Jumamosi, jumuiya ilipokutana kwetu, mgeni mmoja alinitazama nikigawa vikombe vya chai, akauliza kama huyu ndiye yule. Mama alimjibu kwamba huyu ni kitinda mimba wake. Mwingine, jirani aliyempenda kwa dhati, alimwonya wakiwa jikoni kwamba anafuga kitu asichokijua, damu ya mtu haifichiki, siku moja nitamkumbusha mimi ni wa nani. Mama alikuwa anakatakata kitunguu. Alisema, "Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Nipishe nifanye kazi." Jirani akacheka, mambo yakaisha. Krismasi ilipofika Mama alinunua kitambaa kimoja, fundi akakata magauni matatu. La Rehema lilikuwa fupi kwa sababu yeye ndiye mrefu, naye alilalamika mpaka Mwaka Mpya.

Nilikuwa darasa la nne nilipousikia ukweli, ingawa sikuuelewa. Ilikuwa Jumapili mchana, tumerudi kanisani, tumelazwa. Nimeshawaambia nyumba haikuwa na dari. Kuta zilisimama, juu kulikuwa na bati tu, kwa hiyo maneno ya chumba kimoja yalipita juu kwa juu yakaangukia kingine. Dada zangu walikuwa wamelala. Nilimsikia Baba akimwomba Mama aache kulitaja lile jina. Alisema imetosha, miaka imepita, na kila jioni anapolisikia anajiona mchafu mbele ya watoto wake. Akasema anajua Mama anafanya hivyo ili kumwadhibu.

Nikasikia Mama akiinuka, akaketi.

"Unadhani ni kwa ajili yako," akasema. "Sijakutaja wewe hapo. Sitaki mtoto akue akute jina la mama yake limezikwa nyumbani kwangu."

Baba akasema kitu ambacho sikukisikia.

"Siku ya kwanza kulitaja nilitoka nje nikatapika," Mama akasema. "Na kuna siku bado linanikwama hapa kooni. Kesho nitalitaja tena."

Baada ya hapo nilisikia kitanda kikilia, na Baba akilia, jambo ambalo sikuwahi kulisikia kabla wala baadaye. Mie kilichonishtua ni kule kutapika. Asubuhi nilimfuata Mama jikoni, nikamwuliza kama tumbo limepona. Alinitazama bila kuelewa, kisha akaelewa. Alicheka mpaka akakaa chini, na machozi yakamtoka, akayafuta kwa mgongo wa mkono huku bado anacheka. Akaniambia limepona, niende nikanawe.

Miaka ilipita kabla maneno yale hayajakaa mahali pake. Nilikuwa nimeshapata Kipaimara, msichana mkubwa, nikiwa naosha vyombo, pale nilipoelewa ghafla kwamba wale wanawake wawili hawakuwahi kukaa pamoja kuchambua mchele. Mama hakuwahi hata kumwona Stela akiwa hai. Alichokuwa nacho ni jina tu, jina lililomharibia usiku mwingi, na mtoto aliyekuja na pua ya mumewe. Niliendelea kuosha vyombo. Nilitamani kwenda kumwangukia magotini, lakini alikuwa sebuleni anasahihisha kazi za wanafunzi, miwani imeteremka puani, na sikujua ningeanzia wapi.

Baba alifariki kwanza, akiwa amemshika Mama mkono. Dari aliiweka mwaka wake wa mwisho. Kisha sisi mabinti tukaolewa, Rehema Tegeta, Neema Mbeya, mimi hapa hapa Bunju, ambako leo kumejaa nyumba na mageti, na sijui tena mafiga ya mama yangu yalikuwa wapi. Kanisani watu husimama kushuhudia siku walipomjua Mungu, wengine wanakumbuka hadi saa. Mie sina siku ya namna hiyo. Nikilazimishwa, nitasema nilimjua juu ya lundo la mchanga, amevaa sketi ya kazini, anasinzia.

Mwaka jana Mama akaanza kukonda. Tulipompeleka hospitali walituambia saratani imeshasambaa. Tulipokezana kumwuguza wodini, na zamu yangu ilikuwa mchana. Alikuwa amekuwa mwepesi mno. Nilimgeuza kitandani kwa mkono mmoja, mimi ambaye alinibeba kutoka Bunju. Mchana mmoja maumivu yalikuwa yametulia, ametazama dirishani, nikamwuliza lile nililolikalia tangu siku ya vyombo. Nilimwuliza alianza lini kunipenda.

Mtu mwingine angenijibu kwamba tangu aliponiona. Mama hakuwahi kunidanganya, wala siku ile hakuanza.

"Muda mrefu sikukupenda," akasema. "Nilikuwa nafanya tu. Nilimwambia Mungu, mimi nitafanya yangu, hilo lingine ulete wewe. Akachelewa." Akapumzika, akavuta pumzi. "Halafu kuna asubuhi nilikuwa nakusuka, nimechelewa shule, nikashangaa mbona siharakishi."

Nilimwuliza ilikuwa asubuhi gani, nilikuwa na umri gani. Alitabasamu, akasema hakumbuki, nywele zangu zilikuwa ngumu siku zote. Usingizi ukamchukua. Muuguzi akaja kutuambia muda wa kutazama wagonjwa umekwisha, nami nikajiambia nitamwuliza vizuri kesho. Alfajiri Rehema akanipigia simu, na kabla hajasema neno nilijua.

Tulimzika kwao Upare, mteremkoni, sisi watoto wake watatu tumeshikana mikono kwa sababu njia ilikuwa na utelezi.

Tangu hapo naitafuta asubuhi ile. Nikiwa peke yangu hurudi nyuma, siku kwa siku, kadiri ninavyokumbuka. Nakumbuka uji, viatu vilivyopigwa rangi, kuchapwa kwa sababu ya uongo, kukandwa kifua nilipokuwa na homa. Najaribu kutenganisha siku ambazo Mama alikuwa anafanya tu na siku ambazo alikuwa ananipenda. Lazima kuna mahali zinapoachana, maana mwenyewe aliniambia hivyo, na Mama alikuwa mkweli. Nimetafuta sana, jamani. Sipaoni.